Makao ya Wazee Yaanze na Hesabu ya Kila Mwezi

Kuna hoja inayorudiwa katika mabaraza yetu kwamba makao ya wazee ni desturi ya kigeni, na kwamba Mwafrika halisi hamtoi mzazi wake nyumbani. Hoja hiyo ni tamu masikioni, lakini haimpikii uji ajuza ambaye wanawe wamehamia mjini na wajukuu wake wanashinda shuleni. Isitoshe, katika Kaunti ya Kilifi wapo wazee waliofukuzwa na watu wa damu yao kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi kiini cha tuhuma hizo kimekuwa ugomvi wa shamba. Baadhi yao walipata kimbilio Kaya Godoma, katika eneo la Ganze. Je, hao nao tuwaambie warudi kwa jamaa zao?

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki ya wazee kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Katiba hiyo hiyo inazikabidhi kaunti jukumu la mipango na nyumba. Kwa hivyo, swali linalobaki ni jinsi ya kujenga.

Maoni yangu ni kwamba mpango wa makao ya wazee mashambani sharti uanze na hesabu ya gharama za kila mwezi, hata kabla ya msingi kuchimbwa. Wengi hupenda kuonekana wakiweka jiwe la msingi, lakini wanaojitolea kulipia stima ni wachache. Mpango wa Inua Jamii ulipopanuliwa mwaka 2018 ili kuwafaa wote waliotimu miaka 70, kila mzee alitengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Jengo litakalomeza fedha za namna hiyo kwa stima, kuni na maji litafungwa, nao wazee watatawanyika kwa mara ya pili.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kujengwa Ganze, penye joto na ukame. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, na zile fupi mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lisipate pa kupenyea. Madirisha yakabiliane, upepo upite. Na baraza pana ikinge kuta na kuwapa wazee mahali pa kuzungumza. Nyumba ya aina hiyo haihitaji feni mchana kutwa. Matofali nayo yawe ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, hivyo hayamalizi miti yetu, na vijana wa kijiji wanaweza kufunzwa kuyatengeneza.

Hesabu ya mwanga ni nyepesi. Balbu 20 za kizamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia yuniti 180 kwa siku 30. Taa za LED za wati 9, kwa idadi na muda ule ule, hutumia yuniti 27 tu, kiasi ambacho hata mtambo mdogo wa umeme wa jua waweza kukimudu. Maji nayo yaanzie juu: paa la mita 200 za mraba likinyeshewa milimita 10 za mvua hupokea lita 2,000. Bila mifereji na tangi, neema hiyo yote hupotelea mchangani.

Hata hivyo, uchumi wa moto na maji hautoshi iwapo makao yatatupwa porini kwa sababu huko ardhi ni ya bure. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Yajengwe karibu na zahanati, soko na shule, ili mzee aweze kutembelewa, kutibiwa na kusikilizwa.

Hapa nawageukia walimu na wanafunzi. Hesabu nilizozitaja zinaweza kufanyiwa mazoezi darasani, kisha zikapelekwa katika vikao ambamo kaunti hukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Penye wazee haliharibiki neno, walinena wahenga. Basi nasi tusiwaache wenye neno hilo wakiharibika tukiwatazama.