Kiwele cha Ng'ombe wa Nyumbani: Kitazame Kabla na Baada ya Kukamua

Katika mitaa ya Mazwi, kama ilivyo pembezoni mwa mji wote wa Sumbawanga, si ajabu kusikia ng'ombe akilia nyuma ya nyumba alfajiri. Ni ng'ombe mmoja, wakizidi wawili, katika banda la mabanzi: pengine chotara wa Jersey na ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu, anayelishwa majani, mabua ya mahindi, pumba, na mashudu ya alizeti yakipatikana. Maziwa yake ni ya chai ya watoto, yanayobaki huuzwa kwa jirani, na fedha hiyo husaidia ada. Familia ya namna hii haina ng'ombe wa akiba. Kiwele kikiharibika, mradi umekwisha.

Sisi tuliopitia seminari ndogo tumekamua kwa zamu kabla ya Misa ya asubuhi, na kwa sababu hiyo majirani hudhani tunajua kila kitu kuhusu ng'ombe. Likizo ikifika swali ni lile lile: ng'ombe mzuri wa maziwa anajulikanaje? Wengi wanaouliza wamekwisha kujijibu: mwenye kiwele kikubwa. Hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea. Ukubwa peke yake hauthibitishi kitu. Kiwele kinaweza kuwa kikubwa kwa sababu kimejaa nyama na mafuta, au kimevimba kwa ugonjwa, au muuzaji ameacha kumkamua ng'ombe tangu jana ili kionekane kimejaa. Ukitaka kukihukumu kwa haki, kitazame mara mbili: kabla ya kukamua na baada ya kukamua.

Fika kwa muuzaji saa ya kukamua, na ukiweza usitoe taarifa. Kabla maziwa hayajatoka, simama nyuma ya ng'ombe. Kiwele kizuri kimeshikwa juu na kwa upana kati ya mapaja, na katikati yake kuna mfereji unaokigawa kulia na kushoto. Mfereji huo ni alama ya kano ya katikati, na kano hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito. Ikilegea, mfereji hupotea, sakafu ya kiwele hushuka na chuchu hutazama nje kama miguu ya kigoda. Kisha pita ubavuni. Mbele, kiwele kiungane na tumbo taratibu, bila pengo la kuingiza vidole. Halafu linganisha sakafu yake na kile kiungo cha mguu wa nyuma kilichochongoka kuelekea mkiani. Kwa mtamba aliyezaa mara ya kwanza, sakafu iwe juu ya kiungo hicho kwa nafasi ya kutosha, maana kila uzao unakishusha kiwele kidogo. Kilichofika usawa wa kiungo katika uzao wa kwanza, katika uzao wa nne kitakuwa kinagusa matope.

Nasema matope kwa makusudi. Huku Ufipa mvua huanza mwezi wa kumi na moja na kuendelea hadi wa nne, na banda lisilo na sakafu ngumu hugeuka tope lililochanganyika na samadi. Chotara wa Jersey ni mfupi, kiungo chake cha mguu hakiko mbali na ardhi. Kiwele kinachoning'inia kikilala humo usiku kucha, vijidudu hupanda kwa tundu la chuchu, na ugonjwa wa kiwele unaanza.

Sasa kamua, au omba ukamue mwenyewe. Kiwele kina vyumba vinne, kila kimoja na chuchu yake, na maziwa ya chumba kimoja hayavuki kwenda kingine. Aristotle naye, alipoandika habari za wanyama, alihesabu chuchu nne za ng'ombe. Tunamsoma darasani kwa mambo mengine, lakini mtu huyo alitazama kwa makini. Michirizi ya kwanza ielekeze juu ya kitambaa cheusi. Ukiona mabonge, maji maji au damu, rudi nyumbani na fedha zako. Kisha kamua kila chumba kwenye chombo chake. Vyumba viwili vya nyuma hutoa zaidi, kama asilimia 60 ya maziwa yote, kwa hiyo usishangae vya mbele vikiwa na kidogo. Linganisha kulia na kushoto. Chumba kinachotoa nusu tu ya mwenzake kimeumia au kinaumwa.

Baada ya kukamua, shika kiwele kwa mkono mzima. Kilicho cha maziwa husinyaa, ngozi inajikunja na kuwa laini kama mfuko uliomwagwa unga. Cha nyama hubaki vile vile. Papasa utafute vinundu vigumu. Hayo ni makovu ya ugonjwa uliopita, na sehemu yenye kovu hairudi kutoa maziwa. Ule mshipa mkubwa unaopita chini ya tumbo, ambao madalali hupenda kuuonyesha kwa kidole, mimi siupi uzito. Ni dalili dhaifu.

Kuna ugonjwa usioonekana hata kwenye kitambaa cheusi. Kipimo chake cha bei nafuu ni sabuni ya unga: koroga gramu 15 hivi katika nusu lita ya maji, kisha changanya kiasi kidogo cha maji hayo na maziwa ya chumba kimoja kwa vipimo sawa, uzungushe taratibu. Maziwa salama hubaki mepesi, ya chumba kinachoumwa huwa mazito kama mlenda. Bila shaka mchanganyiko huo ni wa kumwaga. Mfugaji akifanya hivi mara moja kwa mwezi, hukuta tatizo mapema na kumwita daktari wa mifugo kabla chumba hakijafa.

Urefu wa chuchu unahitaji maelezo zaidi, hasa kwa anayetaka kuhimilisha. Mkamuaji wa mkono anahitaji chuchu inayoenea kwenye ngumi, sentimita 5 hadi 7 hivi. Ikiwa fupi mno, mtu huikamua kwa vidole viwili na kuivuta, na kuvuta huko kunaumiza tundu la chuchu. Katika nchi ambako ng'ombe hukamuliwa kwa mashine, chuchu fupi kiasi haisumbui, na kuna koo za madume ambazo mabinti wake wamekuwa na chuchu fupi kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo dume anayesifiwa huko anaweza asifae kwa mikono ya mama wa Mazwi. Mtaalamu wa uhimilishaji akija na mbegu, iwe ya Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, au ya kutoka nje, muulize mabinti wa dume huyo wana kiwele cha namna gani, kimeshikwaje, na chuchu zina urefu gani. Ukitumia dume la jirani, nenda ukamtazame mama yake na dada zake. Dume hana kiwele cha kutuonyesha, lakini nusu ya urithi wa ndama inatoka kwake.

Urithi wenyewe una mpaka. Katika umbo la kiwele, kwa wastani kama robo ya tofauti kati ya ng'ombe na ng'ombe hutokana na damu. Nyingine ni umri, chakula, banda na mkono wa mkamuaji. Hivyo kuna njia mbili za kuboresha, na zisichanganywe. Kano iliyolegea hairudishwi na dawa wala chakula. Hiyo hurekebishwa kwa binti, kwa kuchagua dume. Afya ya kiwele ulichonacho hurekebishwa leo, bandani.

Bandani kazi si kubwa, ila haitaki kurukwa. Osha chuchu, zikaushe kwa kitambaa safi, kisha anza kukamua ndani ya dakika moja. Kule kuosha kunauamsha mwili wa ng'ombe kuachia maziwa, na nguvu hiyo hudumu dakika chache tu. Ukimpiga au kumtisha, atayazuia. Maliza vyumba vyote, chovya chuchu kwenye dawa ya iodini, kisha mpe chakula ili asimame nusu saa hivi, kwa sababu tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda baada ya kukamua. Mwenye ugonjwa akamuliwe mwisho. Miezi miwili kabla ya kuzaa, mwache akauke. Najua ni vigumu kuacha maziwa yanayonunuliwa kila asubuhi, lakini kiwele kisichopumzika kitatoa kidogo mwaka unaofuata.

Jambo hili lina uzito wa pekee mahali penye mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Familia iliyopewa mtamba huahidi kumtoa ndama jike wa kwanza kwa familia nyingine. Ni utaratibu mzuri sana, lakini pamoja na ndama hutembea pia kiwele. Mama mwenye kano dhaifu akipandishwa na dume yeyote aliyekaribu, kasoro yake inaweza kuhama nyumba hadi nyumba kama zawadi. Vikundi vikitaka ushauri wangu, viandike katika daftari hali ya kiwele cha mama katika kila uzao, na vikubaliane juu ya dume kabla ya joto, si siku ya joto.

Na ng'ombe ambaye chumba kimoja kimekufa afanyweje? Vyumba vitatu bado vinaweza kulisha familia, kwa hiyo asidharauliwe. Swali gumu ni pale mwenye ng'ombe anapotaka kumuuza. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu inayohusu udanganyifu katika kuuza na kununua, anatofautisha kasoro inayoonekana na iliyofichika. Farasi mwenye jicho moja kila mtu anamwona. Muuzaji akipunguza bei inavyostahili, halazimiki kuitangaza kasoro hiyo. Kasoro iliyofichika inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, analazimika kuisema. Chumba kilichokufa, ng'ombe akiwa hajakamuliwa tangu jana, kinaweza kufichika kabisa katikati ya vingine vilivyojaa. Kwa hiyo kitajwe, na bei ipungue.