Je, Wajua? Sahani ya Tabaka na Kilichopakwa Juu Yake

Je, wajua kwamba kibakuli cha jiwe unachokigombea bei pale Maasai Market, Nairobi, huenda kilizaliwa Tabaka, Mugirango Kusini, katika kaunti ya Kisii? Huko jiwe hung'olewa timboni kwa sururu na mtaimbo, likakatwa kwa msumeno na kuchongwa kwa panga, patasi na kisu. Wachongaji hupenda kulishika likiwa bado na unyevu, maana likikauka huanza ukaidi.

Je, wajua kwamba ukucha wako ni mgumu kuliko talki? Kwenye kipimo cha Mohs, talki ni namba 1, ukucha ni kama 2.5, na almasi ni 10. Mawe ya sabuni huwa laini kwa sababu ya talki na madini mengine ya aina hiyo. Mchanganyiko wake hubadilika kutoka timbo moja hadi jingine, ndiyo maana Tabaka utakuta jiwe jeupe, la waridi, la manjano na la kijivu. Hizo ni rangi za jiwe lenyewe. Nyekundu ya moto na buluu ya bahari zimetoka mkebeni, na mkebe huo ndio utakaotushughulisha leo.

Je, wajua kwamba vyombo vya jiwe laini vilifika pwani yetu kabla ya plastiki, kabla ya bati, kabla hata ya Mreno? Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta Kilwa na Manda vipande vya bakuli za jiwe zilizochongwa kaskazini mwa Madagaska na kuletwa kwa vyombo vya baharini zaidi ya miaka 700 iliyopita. Kule Zimbabwe Kuu, wale ndege mashuhuri, mmoja wao akiwa kwenye bendera ya taifa tangu 1980, ni wa jiwe la sabuni. Sanamu ya Kristo pale Rio de Janeiro, iliyokamilika 1931, imevishwa vigae vya jiwe la sabuni kutoka kichwani hadi miguuni. Naye Elkana Ong'esa, mchongaji mwenye asili ya Tabaka, ana kazi yake ya jiwe la Kisii kwenye makao makuu ya UNESCO, Paris. Tabaka penyewe kuna Goti Chaki, kilima ambacho miamba yake laini ina michoro ya kale iliyochimbwa na vishimo vya kuchezea bao.

Je, wajua kwamba meza za maabara za kemia, Marekani na Ulaya, zilikuwa zikitengenezwa kwa jiwe la sabuni? Asidi ikimwagika juu yake haikuliuma. Kwa hiyo anayekwambia kwamba jiwe zuri la aina hii halitoi harufu, halinywi mchuzi na haligombani na ndimu, hajakudanganya sana.

Lakini wajua pia kwamba huko Brazil, wanakopika kwa vyungu vya jiwe la sabuni tangu zamani, chungu kipya hakiwekwi jikoni hivi hivi? Hupakwa mafuta, kikatiwa motoni, kikapoa, kikapakwa tena. Watafiti wa huko wamepima wakakuta kwamba chungu kisichotibiwa hivyo huweza kuachia nikeli kwenye chakula. Nikeli ni ya asili kabisa. Haikuongezwa na kiwanda chochote. Bakuli za Tabaka kwa kawaida huchongwa za kuandalia matunda, njugu au vito, si za kubandika mekoni, na mtu asikushawishi kuitia yako kwenye maikrowevu.

Sasa tuje kwenye mkebe. Je, wajua kinachofanyika baada ya mchongaji kuweka patasi chini? Kazi huenda kwa wasuguaji, wengi wao akina mama, wanaokaa na beseni la maji na vipande vya msasa, mkwaruzo kwanza, laini baadaye. Kisha chombo hukaushwa juani. Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Chombo kimoja hupakwa nta na kusuguliwa kwa kitambaa hadi kung'aa. Kingine hupakwa polishi ya viatu ili kiwe cheusi au kahawia kama mpingo. Kingine hutiwa rangi, kikakwaruzwa kwa ncha kali ili weupe wa jiwe utokee kama twiga, pundamilia au maua. Kingine humalizwa kwa vanishi. Vyote vinne huandikwa "natural" dukani, kwa herufi zilezile na kwenye kadi ileile ya kahawia yenye kikamba cha katani.

Mimi sina ugomvi na polishi ya viatu. Kiatu kinaipenda. Ila haikutengenezwa kwa ajili ya ugali, na rangi ya ukutani haikutengenezwa kwa ajili ya saladi yenye siki. Baadhi ya rangi huwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa risasi huathiri ubongo unaokua. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja ya rangi. Mkebe uliofunguliwa miaka mingi iliyopita, au ule uliopimwa kwa kikombe dukani bila lebo, haukuelezi lolote kuhusu kikomo hicho.

Je, wajua jaribio rahisi la nyumbani? Lowesha kitambaa cheupe kwa mafuta ya kupikia, usugue ndani ya bakuli. Kikitoka na rangi, hiyo ni bakuli ya funguo za nyumba. Kikitoka safi, hujathibitisha kwamba iko salama, ila walau polishi haikukimbilia kidoleni. Jaribio bora zaidi ni swali: "Mama, hii mmeipaka nini?" Pale Tabaka watu hujibu bila kigugumizi. Aliyepaka nta atasema nta. Na ukitaka isiyopakwa chochote, utapewa, pengine kwa bei ya chini, kwa kuwa haijang'aa.

Je, wajua nani hula sumu ya bakuli hii kabla yako? Ni aliyeichonga. Jiwe likikatwa au kusuguliwa kavu hutoa unga mwepesi kama poda. Unga unaouona umetua kwenye nywele na nyusi ndio mnene. Ule mwembamba zaidi, wa chini ya mikroni 10, jicho haliuoni. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa mikroni kama 70. Unga huo mwembamba ndio unaoshuka hadi ndani ya mapafu na kubaki. Jiwe likiwa na kwatzi, unga wake unaweza kuleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuuondoa. Hata talki yenyewe ikivutwa kwa miaka mingi huacha makovu. Kazi ya kuchonga na kusugua mara nyingi hufanyika uani, karibu na jiko, na watoto wakipita. Leso iliyofungwa puani huzuia vumbi la barabarani, haizuii unga huu. Kinachosaidia ni barakoa ya kuchuja chembe ndogo, kama N95, na lile beseni la maji. Msasa ukilowa, vumbi huwa tope, na tope halivutwi puani. Akina mama wa beseni wamekuwa na dawa hiyo mikononi siku zote. Anayekata na kuranda kavu, hasa kwa mashine ya umeme, ndiye aliye hatarini zaidi.

Na kwa kuwa tumetaja talki: wajua kwamba mwaka 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu? Kampuni ya Johnson & Johnson iliacha kuuza poda yake ya watoto yenye talki Marekani na Kanada mwaka 2020, ikafuatisha dunia nzima mwaka 2023, na kuhamia wanga wa mahindi. Talki huchimbwa ardhini. Ni ya asili kama mvua.

Tukimbie kidogo kwenye vyombo vingine vya jikoni. Je, wajua kwamba taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, inashauri vyombo vya melamini visitiwe kitu chenye joto la zaidi ya nyuzi 70? Uji unaochemka uende kwenye kikombe cha bati au cha udongo. Je, wajua kwamba sufuria zilizoyeyushwa kutoka vyuma chakavu, zilipopimwa nchini Kameruni kwenye utafiti wa 2014, ziliachia risasi? Je, wajua kwamba dodoki hukua kwenye ua, halina nembo, na husugua vyombo sawasawa?

Tukirudi Kisii: je, wajua kwamba Kisii na Nyamira zilikuwa miongoni mwa ngome za pareto, na Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa zao hilo? Maua yake meupe huchumwa kwa mkono, hukaushwa, na ndani yake mna pairethrini, sumu inayoangusha mbu na kuvunjika upesi juani. Hiyo kweli ni dawa ya asili, lakini huua nyuki na samaki bila kuuliza. Koili ya mbu ilianzia Japani kwa unga wa pareto. Leo koili nyingi zimetiwa viuadudu vya maabara vilivyoiga ua hilo. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikuta kwamba koili moja inaweza kutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi moshi.

Je, wajua odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito huuziwa sokoni ili kukata hamu? Ni ya asili, hayana kemikali ya kiwandani, na bado udongo wa kula wa aina hii umekutwa na risasi na aseniki mahali pengi, hata Uingereza ikawaonya wajawazito wasile udongo wa kalabashi kutoka Afrika Magharibi. Mwenye hamu hiyo aende kliniki akapimwe damu. Mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma.

Je, wajua nembo ya Kilimohai? Ililetwa pamoja na kiwango cha Afrika Mashariki cha kilimo hai mwaka 2007, na inahusu jinsi mazao yalivyolimwa. Haisemi chochote kuhusu sahani, sabuni wala rangi. Alama ya shirika la viwango la Kenya, KEBS, nayo ina namba ya kibali unayoweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi. Picha ya jani la kijani, ambayo kila mtu huichora apendavyo, haina namba.

Basi msomaji, ukipita barabara ya Kisii kwenda Migori, kata kona uingie Tabaka. Omba sahani isiyopakwa, au ya nta tupu, uiache mbali na jiko. Na kama wewe ndiwe mwenye hoteli au duka, unayeagiza mia kwa mpigo, andika kwenye oda yako kwamba usuguaji ufanywe kwa maji, kisha ongeza kwenye bei pesa za barakoa.