DHIS2 na majedwali yasiyofichika

Afisa wa rekodi za afya akiingiza ripoti ya mwezi ya zahanati kwenye DHIS2, mfumo wa kukusanya na kuchambua takwimu za afya, leo mchana, mara nyingi hataiona kwenye chati za muhtasari mpaka kesho. Wapo wanaodhani mtandao ulikatika, data zikapotea. Tarakimu zipo salama pale zilipoingizwa. Kinachosubiriwa ni kazi ambayo kwa kawaida hupangwa usiku, seva inapozipanga upya data katika majedwali mengine ya uchambuzi. Kazi hiyo ipo kwa sababu mpango wa kuwarahisishia watengenezaji programu njia ya kuifikia databesi ulifika mahali ukagota.

Mpango wenyewe ulikuwa wa maana. Databesi za kimahusiano, zilizotokana na pendekezo la Edgar Codd wa IBM la mwaka 1970, huweka kila taarifa kwenye majedwali. Lugha kama Java zinaiona dunia kwa namna nyingine: kuna vitu, kila kitu kina taarifa zake na kazi zake, na kimoja kinakijua kingine moja kwa moja. Mtengenezaji programu akawa anapoteza muda mwingi akiandika SQL, lugha ya kuiuliza databesi, ile ile ya kuhamisha taarifa kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mwaka 2001 Gavin King alianzisha Hibernate, maktaba ya Java inayobeba mzigo huo. Unaieleza mara moja kwamba klasi hii ni jedwali lile, nayo inaandika SQL yenyewe. Ikaja na ahadi ya pili: kwa kuwa SQL hukuiandika wewe, unaweza kubadili aina ya databesi bila kuigusa programu.

Waliojenga DHIS2 chini ya HISP, mtandao wa mifumo ya taarifa za afya wenye mizizi Afrika Kusini ya baada ya ubaguzi wa rangi na Chuo Kikuu cha Oslo, walizihitaji ahadi zote mbili. Programu ilikuwa ya bure, ya kupelekwa nchi nyingi zenye uwezo tofauti, hii na MySQL, ile na PostgreSQL. Hibernate ikawa ndiyo tegemeo.

Na kwa sehemu kubwa ya mfumo, tegemeo hilo halijayumba hadi leo. Zahanati ni kitu chenye mzazi, na mzazi naye ana mzazi. Ukitaka kujua zahanati iko kaunti gani, unapanda ngazi kwa ngazi bila kuandika hata mstari mmoja wa SQL. Fomu, watumiaji na ruhusa zao, vyote vimekaa vizuri namna hiyo.

Palipokwama ni kwenye jedwali moja liitwalo datavalue. Kila kisanduku kinachojazwa kwenye fomu kinakuwa mstari mmoja humo: kipimo gani, kituo gani, kipindi gani, thamani ngapi. Chukua fomu moja yenye visanduku 100, ijazwe kila mwezi na vituo 1,000. Hiyo ni mistari 100,000 kwa mwezi na 1,200,000 kwa mwaka, tena kwa fomu moja tu. Wizara ina fomu nyingi na miaka mingi. Kenya ilipoanza mwaka 2011 kuitumia DHIS2 nchi nzima kwenye seva kuu kupitia intaneti, data za kila kona zilikutana mahali pamoja.

Sasa mtu wizarani anataka jumla ya watoto waliochanjwa surua katika kaunti zote 47. Kwa njia ya vitu, kila mstari lazima ugeuzwe kuwa kitu kwenye kumbukumbu ya seva, na Hibernate kwa kawaida hutunza pia picha ya hali yake ya mwanzo ili ijue baadaye kama umekibadilisha. Hapa hakuna anayebadilisha chochote, watu wanajumlisha tu.

Halafu upo mtego ambao wengi waliozitumia maktaba hizi wameuonja. Programu inaomba orodha ya vituo 500. Hilo ni swali moja kwa databesi. Kisha inaonyesha fomu za kila kituo, na maktaba, isipoelezwa mapema, inarudi kwenye databesi mara 500 nyingine. Kwenye kompyuta ya mtengenezaji, yenye vituo vitano vya majaribio, ukurasa unafunguka papo hapo. Dawa yake imo humo humo ndani ya Hibernate, ya kuomba vituo pamoja na fomu zake kwa swali moja, lakini atakayeitafuta ni yule anayejua kuwa nyuma ya ule msimbo safi kuna majedwali mawili yanayopaswa kuunganishwa.

Timu ya DHIS2 haikuitupa Hibernate. Kwa hesabu nzito walirudi kuandika SQL kwa mkono. Majedwali ya uchambuzi hujengwa hivyo: kila ngazi ya utawala inapewa safu yake, kiasi kwamba mstari wa zahanati tayari umeandikwa kaunti yake, na databesi inajumlisha yenyewe, kazi iliyoumbiwa. Gharama yake ndiyo ule usiku wa kusubiri. Ahadi ya kubadili databesi nayo ilikwisha, kwani DHIS2 ya leo inadai PostgreSQL, pamoja na PostGIS kwa ajili ya ramani. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS ambayo nayo hutumia Hibernate, umepita njia hiyo hiyo na una majedwali yake ya pembeni kwa ajili ya ripoti.

Sioni aibu yoyote katika hilo. Kuingiza rekodi moja na kujumlisha mamilioni ni kazi mbili, na mradi unaokubali hivyo mapema huokoa fedha na uvumilivu wa watu wa vituoni. Kinachoniuma ni kuona vijana wetu wakianzishwa kwa Django au Laravel, zenye maktaba za namna hii, huku SQL ikiachwa iwe mada ya kukariri kwa mtihani. Walimu, igeuzeni ratiba hiyo. Mwanafunzi aandike kwanza kwa mkono swali linalounganisha majedwali matatu, ndipo apewe maktaba ya kumwandikia.

Nanyi mnaosimamia miradi ya serikali na mashirika, msipokee mfumo uliojaribiwa kwa data za wiki moja. Daini ujazwe data za miaka mitano, ufunguliwe kwa mtandao wa wilayani, na maswali yote yanayokwenda kwenye databesi yaonyeshwe kwenye skrini; Hibernate na Django zote zina njia ya kuyaonyesha. Kama anayewakabidhi mfumo hawezi kuwaambia ukurasa mmoja unaiuliza databesi mara ngapi, msitie saini.