Anza na Betri: Utangulizi wa Somo la Redio za Valvu Masasi na Newala

Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani wa mila na desturi, Karl Weule, alipita Masasi, akapanda uwanda wa Makonde mpaka Newala, akiwa na fonografu katika mizigo yake. Watu waliimba mbele ya mashine, sauti zao zikachorwa kwenye nta, nta ikasafirishwa Ujerumani. Mashine ile ilikuja kuchukua sauti. Mashine inayozungumziwa katika kitabu hiki ilikuja miongo kadhaa baadaye, nayo ilileta sauti. Tunaiita redio ya valvu, na ninakukaribisha tuisome pamoja.

Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani yake mna uzi wa metali unaopashwa moto ili elektroni ziruke kuelekea bamba liitwalo anodi. John Ambrose Fleming, Mwingereza, aliivumbua valvu ya kwanza mwaka 1904. Mwaka 1906, mwaka ule ule Weule alipokuwa Newala, Mmarekani Lee de Forest akaongeza gridi, yaani kiwaya kinachokaa kati ya uzi na bamba. Gridi ndiyo siri ya kazi yote. Ishara dhaifu inayonaswa na eriali huigusa, nayo huzuia au huachia mkondo mkubwa, kama vidole viwili juu ya koki vinavyotawala maji ya tangi zima. Hivyo mnong'ono uliotoka mbali hupata nguvu ya kutikisa spika.

Mnong'ono huo ulitoka wapi? Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Idhaa ya Kiswahili ya BBC nayo ilianza Juni 1957. Kutoka Dar es Salaam hadi Newala ni takriban kilomita 450 kwa mstari ulionyooka. Umbali huo huvukwa vizuri na masafa mafupi, ambayo hupanda angani, yakagonga tabaka la juu la hewa, kisha yakarudi chini. Ndiyo maana redio za eneo hili hutazamwa kwanza kwenye bendi za masafa mafupi, na ndiyo maana waya mrefu wa eriali uliofungwa juu ya mti ulikuwa na thamani sawa na redio yenyewe.

Hata hivyo, anayeanza somo hili asianzie kwenye kioo chenye majina ya miji, ingawa kinavutia. Ageuze redio, atazame mgongo wake, aulize: ilikula nini? Vitabu vingi vya wakusanyaji wa Ulaya vinahusu redio za kuchomeka ukutani. Kijiji kisicho na umeme kilihitaji redio ya betri, na betri ndiyo iliyoamua nani asikilize, kwa saa ngapi, na lini kimya kirudi. Hilo ndilo wazo linaloongoza kitabu hiki kizima.

Mfano unaojulikana zaidi uko kwa jirani zetu. Mwaka 1949, kwa juhudi za Harry Franklin, mkurugenzi wa habari wa serikali ya kikoloni huko Lusaka, kiwanda cha Ever Ready cha Uingereza kilitoa redio ya valvu nne kwa wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini. Ganda lake la alumini lilitokana na sufuria, nayo ikauzwa kwa jina la Saucepan Special. Bei yake ilikuwa pauni 5, sawa na shilingi 100 za Afrika Mashariki wakati ule. Betri peke yake ilikuwa shilingi 25, na ilidumu kama saa 300. Piga hesabu: msikilizaji wa saa mbili kwa siku alipata miezi mitano, kisha ilimbidi atafute robo nyingine ya bei ya redio. Kwa mkulima wa korosho, ambaye fedha humfikia kwa msimu, hesabu hiyo haikuwa ndogo.

Sasa tufungue redio moja ya namna hiyo, iliyochomolewa betri. Utakuta vumbi jekundu, pengine na kiota cha nyigu kwenye pembe ya spika. Usifute kitu bado. Valvu ndogo iliyoandikwa DAF96 inajieleza yenyewe: D ni uzi wa volti 1.4, yaani ni valvu ya betri. A na F ni sehemu mbili zilizomo ndani ya kioo kimoja. 9 inaonyesha kitako kidogo cha pini saba. Maandishi hayo hufutika kwa kidole, basi yakififia yapulizie pumzi, yatajitokeza. Tazama pia doa linalong'aa kama fedha ndani ya kioo. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa.

Betri ya redio hizi ilikuwa na njia mbili: volti 1.5 za kupasha nyuzi, na volti 90 za anodi. Anayekosea kuziunganisha huunguza valvu zote kwa mpigo mmoja. Redio ya umeme wa ukutani ni hatari zaidi, kwani baadhi ya chasisi zake hubeba umeme wenyewe. Usiichomeke redio iliyolala miaka hamsini kwa hamu ya kuisikia. Kapasita zake za karatasi huwa zimeoza, nazo zikivuja huunguza vilivyobaki. Mpelekee fundi anayezijua valvu, na kila kifaa anachobadilisha kihifadhi kwenye mfuko wenye maelezo.

Nusu ya pili ya somo imo vinywani mwa watu. Toka Newala utazame kusini: bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Vita vya ukombozi vilipoanza huko Septemba 25, 1964, FRELIMO, chama kilichopigana vita hivyo, ilipewa nafasi ya kutangaza kupitia redio ya Dar es Salaam, na Wamakonde walikuwa pande zote mbili za mto. Redio za transista, zisizo na valvu, zilikwisha kuingia madukani wakati huo, hivyo usidhani kila kumbukumbu ya vita ni ya redio ya valvu. Uliza. Piga shikamoo, keti, kisha uliza: Mzee, redio ilikaa nyumba ya nani? Nani aliruhusiwa kuigusa? Kina mama walikaa wapi? Nani alitafsiri Kiswahili kwa Kimakonde au Kiyao?

Sura zinazofuata zinaeleza valvu, betri, masafa na namna ya kurekodi kumbukumbu, kwa mpangilio huo. Lakini redio inaweza kungoja ndani ya sanduku lake mwaka mwingine; aliyeisikiliza hawezi kungoja. Kabla hujafuta vumbi lake, nenda kwa mwenye nayo, umuulize betri ya kwanza ilinunuliwa wapi, na kwa fedha ya nini. Andika jibu lake, ulitie tarehe, uliweke ndani ya redio.