Mgeni wa Ghafula

Katika nchi ya Songea, miezi ya Juni na Julai ina baridi kali. Mgeni akibisha hodi jioni bila kutazamiwa, hakuna nafasi ya kusafisha nyumba yote. Basi, tufanye nini kwanza?

Mmoja na amkaribishe mgeni, apokee mzigo wake, ampe kiti na maji ya kunywa. Wa pili akoke moto, mgeni apate kuota, kisha abandike maji ya ugali. Wa tatu anyunyize maji chumbani ili vumbi lisitimke, afagie, atandike mkeka. Kazi nyingine zingoje kesho.

Msimwache mgeni peke yake huku mkihangaika na fagio. Aliyechoka hahesabu vumbi. Hutazama uso wa mwenyeji.