Minofu Isiyo na Kichwa: Jinsi Vinasaba Vinavyomtambulisha Samaki

Mnunuzi anayewahi mnadani katika Soko la Samaki Feri hahitaji maabara. Samaki akiwa bado na kichwa, magamba na mkia wake, mama lishe mzoefu humtenganisha changu na tasi kwa kumtupia jicho tu, na hatudhani kuna mtaalamu wa kumshinda. Shida huanza samaki anapochunwa ngozi, akakatwa vipande au kukaushwa. Hapo mnunuzi hubaki kuliamini jina analotajiwa na muuzaji.

Kwa hali hiyo sayansi inayo njia. Mwaka 2003, Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kwamba sehemu moja fupi ya vinasaba, yenye herufi takriban 650, itumike kuwatambua wanyama, mithili ya mistari myeusi inayosomwa na mashine ya dukani. Kipande cha nyama kisichozidi punje ya mchele chatosha. Maabara huvitoa vinasaba, huinakili sehemu hiyo mara nyingi, huisoma, kisha huilinganisha na kumbukumbu za wanyama waliokwisha kutambuliwa. Wengi wetu tumezoea kusikia habari za vinasaba katika mashauri ya kumtafuta baba wa mtoto. Hapa kinachotafutwa ni aina ya mnyama.

Umuhimu wake ulionekana mwaka 2007 katika eneo la Chicago, Marekani, ambako watu wawili waliugua baada ya kunywa supu ya samaki iliyopikwa nyumbani. Samaki huyo alikuwa ameuzwa kwa jina la samaki mwingine asiye na madhara. Vinasaba vilionyesha kuwa ni wa jamii ya bunju. Wavuvi wetu wanamfahamu bunju kwa kuvimba kwake, lakini akishachunwa na kukatwa kichwa hana la kumtambulisha. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, wala haina dawa mahususi ya kuitangua.

Udanganyifu mwingine ni wa bei tu. Mwaka 2008, wanafunzi wawili wa New York walipeleka sampuli 60 za samaki kupimwa, na takriban robo ya zilizotambuliwa zilikuwa na majina yasiyo yake. Mojawapo, iliyouzwa kama jodari mweupe wa bei ya juu, ilikuwa perege wa Msumbiji. Jirani zetu wa Kenya nao walifungua mwaka 2015, jijini Nairobi, maabara ya Shirika la Huduma za Wanyamapori inayopima nyama inayoshukiwa kuwa ya porini, ili ushahidi ufike mahakamani.

Kipimo hiki kina mipaka. Hakisemi samaki amekaa siku ngapi, wala kama alivuliwa kwa baruti. Jamaa wa karibu, kama baadhi ya jodari, hukitatiza, na samaki wa kopo huwa vinasaba vyake vimekatikakatika.

Kwa hiyo, mkazi anashauriwa kununua samaki mzima na kumtengenezesha mbele ya macho yake. Minofu yenye mashaka ionyeshwe kwa ofisa uvuvi kabla haijapikwa. Iwapo mlaji atahisi ganzi ya midomo au ulimi baada ya kula samaki, apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya samaki huyo, hata yaliyopikwa, yachukuliwe pamoja naye katika mfuko safi.