Dira mbili za Mkuyuni

Neno dira kwetu lina kazi mbili. Kuna Dira ya Taifa, inayozinduliwa kwa hotuba na kitabu chenye jalada la kung'aa. Na kuna dira ya maji, kile kijidude chenye kioo kilichofungwa kwenye bomba nje ya nyumba, ambacho msoma dira hukiinamia kila mwezi, akapangusa vumbi kwa kidole gumba na kuandika namba. Sikuwahi kuzifikiria pamoja mpaka siku niliyopanda kilima Mkuyuni, nikamkuta mama mmoja ameanika dagaa juu ya jiwe kubwa. Dira yake ilikuwa imefunikwa kwa kopo la rangi ili watoto wasije wakaivunja kioo.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, ng'wanone. Karibu. Ila maji ya kunywa nitakupa ya ndoo. Ya hapo," akaelekeza kidevu kwenye kopo, "huwa yanakuja usiku, yakijisikia."

Ukisimama uani kwake unaliona Ziwa Victoria: ghuba, vyombo, na mawe yanayolipa jiji la Mwanza sura yake. Mkuyuni ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kandokando ya Barabara ya Kenyatta inayotoka mjini kwenda Butimba, Mkolani, Buhongwa hadi Usagara. Chini ni maduka, soko, daladala na bodaboda. Juu ni nyumba zilizojibana katikati ya mawe, na vijia ambavyo mtu aliyebeba ndoo kichwani hupita akijipa ubavu.

Hapo jirani, Butimba, ndipo kilipojengwa chanzo kipya cha maji. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Juni 2021. Fedha zilitoka serikalini na kwa wafadhili, wakiwamo Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, na gharama ikapita shilingi bilioni 69. Mtambo umejengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Kabla yake, jiji karibu lote lilikuwa likitegemea chanzo cha Capri Point chenye uwezo wa lita milioni 90. Mtu akisikia hesabu hiyo huona kazi imekwisha: ziwa hili hapa, mtambo huu hapa, Mkuyuni hii hapa.

Lakini maji hayasomi ramani, na hapa yanalazimika kupanda kilima. Kila mita 10 za kwenda juu hula presha ya bar moja. Ukitaka kuyasukuma mpaka kwa mama wa dagaa kwa mkupuo mmoja, mabomba ya wakazi wa bondeni, mengine ya zamani, yatapasuka. Ukiyasukuma kwa kiasi wanachostahimili wa bondeni, yanaishia bondeni, na wa juu wanasubiri usiku, wakati wa chini wamelala na koki zimefungwa. Dawa yake inajulikana: matenki juu ya vilima, na mtandao uliogawanywa kwa kanda, kila kanda na presha yake. Ndiyo maana baada ya mtambo ikabidi ije awamu nyingine, ya matenki ya Nyamazobe, Fumagila, Buhongwa na kwingineko pamoja na mabomba yake. Mtambo bila tenki ni kama sufuria la ubwabwa bila mwiko, na wenye sahani wamekaa ghorofani.

Halafu kuna mawe. Mkuyuni huchimbi mtaro kwa jembe. Fundi hupitisha bomba juu ya mwamba, akalikunja kwenye kona ya choo cha jirani, akalifunika kwa udongo mchache ambao mvua ya kwanza huuchukua. Nyumba zilitangulia, ramani ya mipango miji ikafuata, kwa hiyo hakuna njia iliyoachwa kwa ajili ya bomba. Kila mita lazima iombwe kwa mwenye ua, na mwenye ua naye ana la kusema.

Nilimuuliza mama kama bili inamfikia. Akacheka. Inamfikia. Kuna wakati, alisema, dira huzunguka na kwenye ndoo hakuna kitu, ni upepo tu unatangulia bombani. Hili ni lalamiko utakalolisikia katika miji mingi ya nchi yetu, na wataalamu hawalikatai kabisa: bomba likikaa tupu kwa muda mrefu hujaa hewa, na maji yakirudi huisukuma hewa ile mbele yake, ikapita kwenye dira.

Sasa nirudi kwenye dira kubwa. Tumekuwa taifa la kutamani kwa maandishi tangu mwanzo, na silisemi kwa kejeli. Mpango wa kwanza wa miaka mitano, ulioanza 1964, uliweka shabaha tatu za kufikiwa ifikapo 1980: wastani wa pato la mtu upande kutoka takriban pauni 19 hadi 45, nchi ijitosheleze kwa wataalamu, na umri wa kuishi utoke miaka 35 hadi 40 ufike 50. Hiyo ya tatu tulikaribia kabisa kuifikia. Mwaka 1971 likaja azimio la maji: ndani ya miaka 20, kila kaya ya kijijini ipate maji safi umbali usiozidi mita 400. Mwaka 1991 ulifika, maji hayakufika, lakini zile mita 400 zikabaki kwenye sera kama kipimo. Ikafuata Dira ya 2025, iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1990, yenye shabaha kuu tatu: maisha bora, utawala bora unaofuata sheria, na uchumi imara wenye ushindani. Humo pia iliandikwa kwamba maji salama yatamfikia kila mtu. Na Julai 17, 2025 ikazinduliwa Dodoma Dira ya 2050, inayotaka uchumi wa dola trilioni moja na pato la wastani la dola 7,000 kwa mtu kwa mwaka.

Jamii bora, serikali bora, uchumi bora. Hakuna Mtanzania atakayepinga hata neno moja. Tatizo langu liko katika namna tunavyopima safari, na hapa nalilaumu neno moja: asilimia. Washa redio saa mbili usiku. Mradi huu umefikia asilimia 63, ule 87, mwingine umekamilika kwa asilimia 100. Asilimia ya nini? Ni ya kazi ya mkandarasi kwa mujibu wa mkataba wake. Zege limemwagwa, pampu imefungwa, cheti kimetolewa. Mtambo unaweza kuwa na asilimia 100 halali kabisa, bila mtu yeyote kudanganya, huku kopo la rangi pale kilimani likiwa limefunika dira isiyozunguka. Asilimia huhesabiwa getini kwa mtambo.

Na si kwamba hatuwezi kufikisha kitu mbali. Kutoka Ihelele, Misungwi, maji ya ziwa hili hili husafiri mamia ya kilomita hadi Shinyanga, Kahama na Tabora. Daraja la Kigongo-Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lilianza kujengwa 2020 na likazinduliwa Juni 19, 2025. Abiria waliokuwa wakisubiri kivuko sasa wanavuka bila hata kushuka garini. Mambo makubwa, yenye mkataba mmoja na mkandarasi anayeonekana, tunayaweza. Linalotushinda ni kipande cha mwisho, kile kidogo, kisicho na jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Nani atakata utepe wa bomba la inchi moja linalopita nyuma ya choo?

Angalia daraja la Mkuyuni lenyewe. Kwa miaka mingi mvua kubwa ikinyesha vilimani, maji yalikuwa yakishuka na mchanga na takataka, yanaziba njia chini ya barabara kisha yanapanda juu ya lami, na mji unakatika vipande viwili. TANROADS ikaamua kulijenga upya, pamoja na la Mabatini. Uamuzi sahihi. Lakini barabara ikifumuliwa, bomba la maji lazima lihamishwe, na nguzo za umeme vilevile, na kila kimoja kina ofisi yake, bajeti yake na mwezi wake wa kutoa fedha. Anayejenga daraja husubiri mwenye bomba, mwenye bomba husubiri kibali, na anayeuza nyanya kando ya barabara husubiri wote. Na mchanga ule unatoka wapi? Unatoka vilimani, na sehemu yake ni udongo ule mchache uliofunika mabomba. Mradi wa juu unauletea kazi mradi wa chini.

Kabla sijaondoka mama alinionyesha ukuta wa jiko lake. Kuna mistari ya mkaa, imepangwa kwa makundi. Kila usiku maji yalipofika, mstari mmoja. Alianza kuichora, alisema, baada ya kuchoka kubishana na mwanawe juu ya zamu ya kukesha na ndoo. Hakuna ripoti ya mradi niliyowahi kuisoma iliyonieleza mambo kwa uwazi kama ukuta ule.

Kwa hiyo wewe unayekaa Mkuyuni, au Igogo, au kilima kingine chochote cha mji huu: mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Diwani akisimama kueleza mradi umefikia asilimia ngapi, msikilize mpaka amalize, kisha umuombe mambo mawili yaandikwe kwenye muhtasari: namba iliyosomwa kwenye dira ya nyumba iliyo juu kuliko zote mtaani, na tarehe ya mwisho maji yalipoizungusha.